Kibodi ya kwenye skrini kaunta ya mbao Mafinga, kisa kizima

Kisa chenyewe ni cha yadi ya mbao pale Mafinga, kando ya barabara ya Tanzam. Nyuma ya yadi kuna mashine za dingdong zinapasua magogo ya paini na milingoti toka asubuhi mpaka jioni, alafu kaunta ya malipo iko hatua chache tu kutoka hapo, dirisha halina kioo. Kompyuta ni moja, ndo inatoa risiti na kutunza hesabu ya stoo. Unga wa mbao unaingia kila mahali, na kitu cha kwanza kufa siku zote ni kibodi. Kwanza herufi moja inaanza kugoma, ukibonyeza spesi inashuka hairudi, baadae Enter inabonyea yenyewe risiti inatoka haijakamilika na fuso liko nje linasubiri. Mwenye yadi alishanunua kibodi za kutosha, hata ile ya raba inayokunjika aliijaribu, dada wa kaunta akaikataa kwasababu inataka uibonyeze kwa nguvu kila herufi na yeye anaandika siku nzima.

Kwaiyo akaamua bwana, kibodi basi, iandikwe kwenye skrini. Akapata mashine ya kaunta iliyotumika, ile skrini na kompyuta vimekaa pamoja, inchi 15, 1024 kwa 768, RAM giga 4. Skrini yake ya tachi ni ile ya kubonyea, siyo kama ya simu. Hapa alipata bahati kuliko alivyojua, maana skrini ya simu inasoma umeme wa kidole, ukivaa glovu za kazi haikusikii, na huku Mufindi, wilaya ya Mafinga, mwezi wa sita na wa saba hakuna mtu anavua glovu saa moja asubuhi. Na zile za miale ya mwanga kuzunguka fremu vumbi likikaa kwenye kona inadhani umegusa. Hii ya kubonyea haijali glovu wala vumbi, inajali mkandamizo tu. Ubaya wake inasoma kidole kimoja kwa wakati mmoja, hilo tutalirudia.

Nilivyoitwa nilikuta kuna fundi alishapita. Aliweka Ubuntu 22.04, mfumo wa Linux, na desktopu yake ya GNOME, ambayo ina kibodi yake ya skrini ndani, unaiwasha kwenye mipangilio ya usaidizi basi. Inafanya kazi, sitaki kumlaumu. Ila ile kibodi imetengenezwa kwa mtindo wa simu, herufi mbele, namba uzipate mpaka ubonyeze kitufe cha kubadili ukurasa. Sasa kaunta ya mbao ni namba tupu: vipande 40, futi 12, bei, jumla, alichotoa, chenji. Kila namba ni safari ya kwenda ukurasa wa pili. Akaona haifai akaweka Onboard, kibodi ya zamani inayojulikana na watu wa Linux, ndo ikawa balaa. Onboard ikatokea vizuri kwenye skrini, ukiandika kwenye programu ya mauzo inaandika, ukienda kwenye programu ya kuandikia maandishi ya kawaida haiandiki kitu! Vitufe vinabonyea, rangi inabadilika, hamna herufi. Wakahisi Onboard mbovu, wakaifuta wakaiweka tena, ikawa vilevile.

Haikuwa mbovu. Hapo pana jambo la msingi ambalo ukilielewa mengine yote kwenye kisa hiki yanakuwa mepesi. Kwenye X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, programu yoyote inaweza kuiambia seva ya picha "jifanye mtu kabonyeza herufi A", kuna kiendelezi kinaitwa XTEST kwa kazi hiyohiyo, na seva inapeleka herufi kwa dirisha lolote lililo mbele. Ni rahisi, na pia ni hatari, maana programu ya wizi nayo inaweza kufanya hivyohivyo. Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X11, imekuja ikafunga huo mlango. Ndani ya Wayland programu hairuhusiwi kuandikia programu nyingine, wala haichagui ikae wapi kwenye skrini, vyote hivyo anaamua yule anayepanga madirisha, ambaye kwa GNOME ni GNOME mwenyewe. Ubuntu 22.04 kama kadi ya picha inaruhusu inakuingiza Wayland bila kukuuliza. Sasa programu ya mauzo ya pale imeandikwa kwa Java, Java ile bado inaongea X11 kupitia daraja la XWayland, na Onboard nayo iko darajani humohumo, kwaiyo wawili wale wanasikizana. Ile ya maandishi ni ya Wayland halisi, iko upande wa pili wa ukuta. Ndo maana huku inaandika kule haiandiki.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kubaki kwenye Wayland na kutumia kibodi inayotambulika na desktopu husika. GNOME ina yake, KDE Plasma unachagua kwenye mipangilio na inayotumika sana ni Maliit, na hizi desktopu nyepesi za kundi la wlroots zina squeekboard na wvkbd. Raspberry Pi OS wenyewe toka mwishoni mwa 2024 wanatumia squeekboard. Njia ya pili ni kurudi X11 moja kwa moja na kutumia Onboard kwa uhuru wake wote. Nikachagua ya pili, na sababu siyo mapenzi ya vitu vya kale. Ni kwamba Onboard inakuruhusu uchore kibodi yako mwenyewe kitufe kwa kitufe, na nilivyoitazama ile kaunta niliona tatizo lao siyo kupata kibodi, ni kupata kibodi ya mbao. Nikaweka Debian 12, ambayo ni Linux nyingine, na desktopu nyepesi ya Xfce 4.18. Xfce hiyo haina Wayland kabisa, giga 4 zinaitosha, na Debian 12 itaendelea kupata matengenezo ya muda mrefu mpaka 2028. Onboard yenyewe iliyomo ni 1.4.1 ya 2017, ni mzee, lakini kwenye X11 mzee huyu bado ana nguvu zake.

Kazi ya kwanza kabla ya yote ni kusawazisha tachi. Skrini za kubonyea zikizeeka zinahama, unagusa hapa inasoma kule. Programu ya xinput_calibrator inakuonyesha alama kwenye pembe nne, unazigusa, inakupa namba za kuweka kwenye faili la X11 ili zisipotee ukizima. Usianze kulaumu kibodi kabla hujafanya hili. Kama mguso umehama milimita tano na kitufe kina milimita kumi, nusu ya makosa siyo ya kibodi.

Sasa nafasi, na hapa ndipo tulipokaa sana.

Kibodi ya skrini ukiiacha ielee inafunika. Unaandika bei kumbe sehemu ya bei iko chini ya kibodi, unaisogeza inafunika kitu kingine. Dawa ya Onboard ni kuipachika ukingoni, chini au juu, na kuiambia ipunguze eneo la kazi, yani inamwambia meneja wa madirisha "hizi pikseli za chini ni zangu, wengine wote ishieni hapa". Meneja wa Xfce analiheshimu hilo, dirisha ukilikuza linaishia pale kibodi inapoanza. Vizuri sana kwenye maelezo. Kwenye mashine yenyewe nikaweka ile pangilio yake kamili yenye F1 mpaka F12, nikaipachika, fomu ya mauzo ikagoma kupungua. Ile Java ina kimo chake cha chini, pikseli 560, haishuki hapo hata ufanyeje. Na kitufe cha Hifadhi kiko wapi? Chini kabisa, kimeingia nyuma ya kibodi.

Basi hesabu. Skrini ina 768. Paneli ya Xfce inakula kama 30, kichwa cha dirisha nacho kinakula. Paneli nikaiweka ijifiche yenyewe, ikijificha haidai nafasi. Kichwa cha dirisha kuna kisanduku kwenye marekebisho ya meneja wa madirisha cha kukificha dirisha likikuzwa, nikakiwasha. Fomu ikapewa 578 ili ipumue kidogo, kibodi ikabaki na 190. Sasa inchi 15 ya umbo lile ina upana wa kama milimita 305, kwaiyo pikseli moja ni karibu milimita 0.3, na pikseli 190 ni milimita 57. Ukizigawa kwa safu sita za kibodi kamili kila kitufe kinakuwa na kimo cha milimita 9 na kitu. Kwa kidole kitupu unajikaza, kwa glovu sahau. Ukizigawa kwa safu nne unapata milimita 14. Hiyo inagusika.

Kwaiyo safu nne, na hapo ndo ikabidi nichore. Kwenye mipangilio ya Onboard unachagua pangilio iliyopo, unabonyeza ya kuunda mpya, inakunakilia mafaili kwenye folda la mtumiaji, .local/share/onboard/layouts. Kuna faili la maelezo linalosema kitufe gani kinafanya nini, na kuna mafaili ya picha za SVG zinazosema kitufe kinakaa wapi na kina ukubwa gani, vyote vinaunganishwa kwa jina la kitufe. Unafungua SVG kwenye Inkscape, unavuta mistatili unavyotaka, ukikosea jina kitufe hakitokei, basi unarudi unaangalia. Siyo kazi ya kutisha, ni kazi ya uvumilivu.

Ukurasa wa kwanza unaofunguka siyo herufi. Upande wa kulia namba, tatu tatu kama kalkuleta, safu nne, na pembeni yake nguzo moja ya Tab, kufuta, Enter na kitufe cha kwenda kwenye herufi. Upande wote wa kushoto uliobaki, ambao ni mkubwa, nimeweka vipande vya maandishi. Onboard ina kitu kizuri ambacho watu wengi hawakigusi, unahifadhi maandishi kwenye kitufe, ukikibonyeza yanaandikwa yote. Nilimuuliza dada wa kaunta niambie unaandika nini kutwa nzima, akacheka, akachukua kitabu cha risiti za mkono cha zamani akanipa. Humo ndani ukitoa majina ya wateja ni vitu vilevile vinajirudia: 2x4 paini futi 12, 2x6 paini futi 12, 1x8, 1x10, papi, nguzo za milingoti, maranda kwa gunia. Nikavipanga vitufe 12, tatu kwa nne, vikubwa, kila kimoja na jina kama wanavyolitamka wao. Sasa mteja akisema "nipe mbili kwa nne arobaini" anagusa kitufe kimoja, Tab, 4, 0, Enter. Kibodi ya mezani haiwezi kumshinda hapo. Mimi binafsi naona hiki ndo kilichookoa mradi, siyo kupachika wala nini.

Ukurasa wa pili ni herufi kwa ajili ya jina la mteja na namba ya gari, safu tatu za herufi na moja ya spesi. Shift hapa ina kisa chake. Skrini inasoma kidole kimoja, huwezi kushika Shift huku unabonyeza herufi, kwaiyo Onboard inabidi Shift ibaki imeshikwa ukiigusa mara moja, ikiachia baada ya herufi moja, na ukigusa mara mbili ijifunge. Ndivyo ilivyo kwa kawaida ila kama kuna mtu alishachezea mipangilio hakikisha, na upande wa tachi chagua mguso mmoja, siyo mingi. Mapendekezo ya maneno nimezima. Yanakula safu nzima, na pia Onboard inajifunza unachoandika na kukihifadhi, sasa kaunta wanapokezana watu, majina ya wateja na madeni yao yakianza kujitokeza kama mapendekezo mbele ya mteja mwingine si ugomvi huo.

Swali ambalo kila mtu anauliza: je inatokea yenyewe ukigusa sehemu ya kuandikia, kama simu? Inaweza. Onboard inategemea mfumo wa usaidizi wa walemavu, AT-SPI, ule uleule unaosomea vipofu skrini, kwasababu ni huo tu unaojua kwamba sasa hivi mshale uko kwenye sehemu ya maandishi. Kwenye Xfce unawasha kisanduku cha teknolojia saidizi kwenye mipangilio na kuweka hii:

gsettings set org.gnome.desktop.interface toolkit-accessibility true

Unatoka kwenye akaunti unaingia upya. Programu zilizojengwa kwa GTK zinaitikia, Firefox inaitikia, Chromium inataka iwashwe na --force-renderer-accessibility, zilizojengwa kwa Qt zinataka QT_LINUX_ACCESSIBILITY_ALWAYS_ON=1. Java ndo mgumu. Kuna daraja lake kwenye Debian, libatk-wrapper-java, lakini programu ya pale imekuja na Java yake ndani ya folda lake, haitumii ya Debian, kwaiyo daraja haliioni. Ningeweza kulazimisha. Nikaona kwanini, pale kaunta hakuna wakati ambao hawaandiki, kibodi ikae imesimama muda wote, na kujitokeza-na-kujificha kunafanya fomu irukeruke juu chini kila ukigusa mahali. Nikazima. Kwa tableti ya kusomea habari sawa, kwa kaunta ya malipo sidhani kama ina faida. Siku wakitaka kuangalia ripoti kwa skrini nzima kuna kitufe cha kuificha, na kaikoni kanabaki kona ya juu kulia ka kuirudisha.

Mzee mwenye yadi alivyoona inaenda akafurahi, kamwene nyingi (salamu ya huku), akaagiza soda. Nikamwambia tulia mzee, zima mashine uiwashe. Akawasha, ikaja skrini ya kulogini, inataka nywila, na kibodi haipo. Hii ndo sehemu inayosahaulika kila mahali. Skrini ya kulogini siyo desktopu yako, inaendeshwa na mtumiaji mwingine kabisa anaitwa lightdm, hajui umechora nini wala umepachika wapi, mipangilio yako yote iko kwako siyo kwake. Inabidi umwambie peke yake, kwenye /etc/lightdm/lightdm-gtk-greeter.conf, chini ya [greeter]:

keyboard=onboard
a11y-states=+keyboard

Mstari wa kwanza unamwambia aite kibodi gani, wa pili unamwambia aifungue toka mwanzo bila kusubiri mtu aitafute kwenye kimenyu. Kuna na keyboard-position kama unataka kupanga ikae wapi. Inakuja na sura yake ya kawaida, siyo ile ya mbao, na kwa nywila inatosha.

Alafu skrini ikijifunga yenyewe ni mlango wa tatu. Ukitumia light-locker haina shida, yenyewe inakurudisha kwa lightdm uleule ulioshaurekebisha. Ukitumia xfce4-screensaver ni mwingine tena, ana sehemu yake ya kuwasha kibodi na kuandika komandi, onboard -e, ile -e ni ya kuiweka Onboard ndani ya dirisha lake maana skrini ikishafungwa hairuhusu dirisha la nje kupanda juu. Nikaweka light-locker nipunguze vitu vya kukumbuka.

Kuna mahali kibodi ya skrini haifiki na hakuna dawa ya maana kwa mashine ya namna hii: kabla Linux haijaamka. Umeme ukikatika pale, na unakatika, mashine ikiwaka betri ya ubao mama ikiwa imekufa inaandika bonyeza F1 kuendelea. F1 ipi sasa? Nikabadilisha betri, ile ya saa ya CR2032, nikaingia BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe kabla ya Linux, nikaiambia isisimame kwa kosa lolote na iwake yenyewe umeme ukirudi. Kusimba diski kwa nywila pia niliwashauri wasifanye kwenye mashine hii, maana nayo inauliza mapema mno. Na kibodi moja ya waya ya USB imefungwa kwenye nailoni, iko kwenye droo ya fedha, siyo ya kuandikia risiti.

Kinachoendelea kulalamikiwa mpaka sasa ni vile vipande vya maandishi. Bei na saizi zinabadilika kwa msimu, wakitaka kuongeza aina mpya inabidi mtu aingie kwenye mipangilio ya Onboard abadilishe, na dada wa kaunta ameshajifunza, anafanya mwenyewe kwa dakika mbili. Ila vitufe ni 12, akitaka cha 13 lazima kimoja kitoke. Wiki hizi katoa maranda kaweka 2x3, wanaokuja kuchukua maranda ya kuku anawaandikia kwa herufi.

Mzee sasa anataka hivyohivyo kwa tawi lake la Makambako, na huko kuna mashine mpya yenye KDE kwenye Wayland ambayo programu nyingine za pale zinaihitaji, hairudishwi X11. Pangilio niliyochora na vipande vyake havihami, ni vya Onboard tu. Nimemwambia badala ya kuhangaika na kibodi, vile vitufe 12 viingizwe ndani ya programu ya mauzo yenyewe, amwone aliyeiandika, alafu kibodi ya skrini ibaki kwa ajili ya majina na namba za gari peke yake. Wanajadiliana bei.